Je, Kila Kilicho Halali ni Haki?

Watu wengi hudhani kwamba halali na haki ni majina mawili ya kitu kimoja. Mtu akitenda jambo ambalo sheria haikulikataza, hujiona kuwa hana deni kwa mwenzake wala kwa dhamiri yake, na akiulizwa, hujibu upesi, "Nimevunja sheria gani?" Jibu hili lina nguvu mahakamani. Mbele ya dhamiri halitoshi, kwa sababu sheria hutuuliza kama tumevuka mpaka, na dhamiri hutuuliza kama tumemdhulumu mtu. Maswali haya mawili ni ndugu, walakini si pacha.

Nataka kulichungua jambo hili kwa mfano ulio mdogo kwa sura yake, nao ni nyimbo zinazofungua vipindi vya televisheni, na hasa maneno ya nyimbo hizo ambayo watazamaji wengi hawakupata kuyasikia. Msomaji asistaajabu. Mambo makubwa ya tabia aghalabu huonekana vizuri katika mambo madogo, kama vile tabibu apimavyo afya ya mwili mzima kwa tone moja la damu.

Kila kipindi mashuhuri cha televisheni kina muziki wake wa ufunguzi. Kazi ya muziki huo ni kazi ya mbiu ya mgambo: ikilia, aliye jikoni na aliye uani hujua kuwa kuna jambo. Baadhi ya nyimbo hizo huimbwa kwa maneno, na nyingine hupigwa kwa ala tupu. Lakini miongoni mwa hizo za ala tupu zimo zenye maneno kamili, yaliyoandikwa na kusajiliwa, kisha yakakaa kimya miaka mingi.

Tutazame Marekani, ambako vipindi vya namna hii vilienea sana katikati ya karne ya ishirini. Kipindi cha kuchekesha kiitwacho I Love Lucy kilianza mwaka 1951. Muziki wake ulitungwa na Eliot Daniel, na maneno yakaandikwa na Harold Adamson. Watazamaji walizoea kusikia ala peke yake, hata mwaka 1953 mwigizaji Desi Arnaz alipomwimbia mkewe maneno hayo katika sehemu iliyohusu siku ya kuzaliwa kwake. The Andy Griffith Show, kilichoanza mwaka 1960, kilifunguliwa kwa mluzi. Mpiga mluzi alikuwa Earle Hagen, ambaye aliutunga muziki huo pamoja na Herbert Spencer. Wengi walioupenda mluzi huo hawakujua kwamba mwigizaji Everett Sloane aliuandikia maneno juu ya raha ya kwenda kuvua samaki, na kwamba Andy Griffith mwenyewe aliyaimba katika santuri. Hagen huyo huyo alitunga muziki wa The Dick Van Dyke Show, kilichoanza mwaka 1961. Na Morey Amsterdam, mmoja wa waigizaji wake, akauandikia maneno ambayo hayakutumiwa kufungua kipindi.

Mfano wa nne ni wa ajabu zaidi. Mwaka 1970 ilitoka filamu iitwayo M*A*S*H, yenye kusimulia habari za madaktari katika vita vya Korea. Johnny Mandel alitunga muziki wa wimbo wake mkuu, na maneno yakaandikwa na Mike Altman, mwana wa mwongozaji wa filamu hiyo, Robert Altman. Mike alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi watakaoisoma insha hii. Maneno yake, yenye huzuni nzito juu ya kifo, yaliimbwa katika filamu. Habari ile ilipogeuzwa kuwa kipindi cha televisheni, kilichoonyeshwa tangu mwaka 1972 hadi 1983, muziki uliendelea kupigwa, lakini maneno yaliachwa. Hata hivyo kijana aliendelea kulipwa. Baba yake alisimulia hadharani kwamba yeye kwa kuiongoza filamu alipata dola 70,000 hivi, na mwanawe kwa kuandika maneno ya wimbo alipata zaidi ya dola 1,000,000.

Yawezekanaje mtu kulipwa kwa maneno ambayo hayaimbwi? Hapana budi kueleza desturi ya malipo hayo. Mtunzi wa muziki hupewa mrabaha, yaani fungu la fedha kila kazi yake inapotumiwa hadharani. Wimbo ukiwa na maneno huhesabiwa kuwa una watunzi wawili, yule aliyetunga sauti na yule aliyeandika maneno, na desturi iliyozoeleka Marekani ni kugawana fungu hilo sawa kwa sawa. Maadamu maneno yamekwisha kusajiliwa pamoja na muziki, mwandishi wake hupata sehemu yake hata siku ambayo ala tupu ndizo zilizopigwa. Desturi hii ina busara, kwa kuwa si rahisi kupima kila siku kama wimbo ulipendwa kwa sauti au kwa maneno.

Lakini kila desturi yenye busara ina mlango wa nyuma, na huu wa maneno ya nyimbo uliingiwa na mtu mashuhuri. Tarehe 8 Septemba 1966 kituo cha NBC kilianza kuonyesha Star Trek, kipindi juu ya mabaharia wa anga za juu wanaosafiri kati ya nyota. Kilitengenezwa katika studio za Desilu, kampuni iliyoanzishwa na Desi Arnaz na Lucille Ball, wale wale wa I Love Lucy. Mwenye wazo la kipindi alikuwa Gene Roddenberry. Mtunzi wa muziki wake wa ufunguzi alikuwa Alexander Courage, fundi wa muziki wa sinema aliyezaliwa mwaka 1919. Katika muziki huo mna sauti ya mwanamke, Loulie Jean Norman, inayopaa juu ya ala; lakini sauti hiyo haitamki neno hata moja.

Kati ya Roddenberry na Courage palikuwa na mapatano yaliyompa Roddenberry ruhusa ya kuuandikia muziki huo maneno akipenda. Muziki ulipokwisha kutungwa, Roddenberry aliitumia ruhusa hiyo. Aliandika maneno machache juu ya mapenzi na msafiri wa nyotani, akayasajili, na kwa hayo akawa mtunzi mwenza. Maneno hayo hayakuimbwa katika sehemu hata moja kati ya 79 za kipindi hicho, kilichokwisha mwaka 1969. Wala hayakukusudiwa kuimbwa humo. Lakini malipo ambayo yangalikuwa ya Courage peke yake yaligawanywa mafungu mawili, na nusu ikaenda kwa Roddenberry. Courage alilalamika kwamba kitendo hicho hakikuwa cha uungwana. Roddenberry, kwa masimulizi ya waliofanya kazi pamoja naye, alijibu kwamba ilimpasa apate fedha mahali fulani, kwani hakutazamia kuipata katika faida ya kipindi chenyewe.

Sheria haikuvunjwa. Mapatano yalikuwapo, maneno yaliandikwa, usajili ulifanywa. Je, haki nayo ilitimizwa?

Uadilifu unatutaka tusikilize kwanza utetezi, kwa maana hakimu asikilizaye upande mmoja amekwisha kudhulumu kabla ya kutoa hukumu. Mtetezi wa Roddenberry aweza kusema mambo matatu. La kwanza, ahadi ni deni: Courage alikuwa mtu mzima, mjuzi wa kazi yake, naye aliyakubali mapatano, asiyetaka kugawana asingekubali. La pili, pasipo wazo la Roddenberry pasingalikuwa na kipindi, na pasipo kipindi muziki ule usingalijulikana. Basi alikuwa na mkono katika umaarufu wake. La tatu, katika biashara ya televisheni hesabu za faida hufanywa kwa namna ambayo mwenye wazo aweza kungoja miaka mingi asione senti. Mtu aliyezungukwa na wajanja alijifunza ujanja ili naye apate kuishi.

Hoja hizi si za kudharauliwa, lakini kila moja ina jibu.

Tuanze na ya mwisho, maana ndiyo dhaifu kuliko zote. Ikiwa Roddenberry alihofia kudhulumiwa na wenye mali, deni lake lilikuwa kwa wenye mali. Courage hakuwa mmoja wao. Alikuwa mfanyakazi kama yeye. Aliyenyang'anywa na simba hapati kwa hilo ruhusa ya kumnyang'anya swala. Na dhuluma nyingi duniani huenda kwa mtindo huu: anayeonewa na mwenye nguvu kuliko yeye hatafuti haki kule juu, bali hutafuta fidia kwa aliye chini yake au aliye kando yake.

Hoja ya pili inachanganya kazi mbili. Ni kweli kwamba mwenye wazo alistahili malipo, lakini alistahili kulipwa kwa wazo, kwa jina la wazo, kutoka katika fungu la wazo. Mwenye shamba hawezi kudai nusu ya ujira wa seremala aliyejenga ghala kwa kuwa pasipo shamba ghala lisingehitajiwa. Kila kazi ina fungu lake, na mtu mwenye stahili katika fungu moja hapati kwa hiyo stahili katika mafungu yote.

Hoja ya kwanza ndiyo yenye uzito, nayo yataka fikira. Ni kweli kwamba ahadi ni deni. Lakini kila ruhusa hutolewa kwa kusudi, na kusudi hilo ni sehemu ya ruhusa hata lisipoandikwa. Tuseme jirani amekuruhusu kuchota maji katika kisima chake kwa matumizi ya nyumba yako. Nawe ukachota ndoo moja, ukaimwaga mchangani, kisha ukaenda kwa mwandishi wa sheria ukasema, "Mimi nimekwisha kuchota maji humu, tangu leo kisima ni chetu sote wawili." Hukuvunja neno lolote la mapatano. Ulichovunja ni kusudi lake. Maneno ya wimbo ni kwa ajili ya kuimbwa. Yaliyoandikwa ili yahesabiwe tu katika daftari, wala yasifike kinywani mwa mwimbaji, ni maji yaliyochotwa ili yamwagwe.

Hapa Mike Altman aweza kutusaidia. Maneno yake nayo yalikaa kimya katika televisheni kwa miaka kumi na moja, na bado alilipwa. Mbona moyo hauoni dhuluma katika malipo yake? Kwa sababu aliombwa maneno, akayaandika, yakaimbwa katika filamu iliyoyahitaji. Na Mandel alijua tangu mwanzo kwamba wimbo wake ungekuwa na mwenza. Baadaye wengine waliamua kuyaacha. Ukimya wa maneno yake ulikuja kwa bahati, baada ya kazi ya kweli. Ukimya wa maneno ya Roddenberry ulikuwamo katika nia tangu siku ya kwanza. Kwa mwenye kutazama kitabu cha hesabu, watu hawa wawili ni sawa: kila mmoja ameandika maneno, na kila mmoja anapokea nusu. Tofauti yao haimo kitabuni, imo katika nia.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa ni hivyo, kwa nini sheria isirekebishwe ipime nia? Nadhani ingekuwa kosa. Sheria haina macho ya kuona ndani ya moyo. Tungeitaka ichunguze kila mwandishi kama alikusudia kwa dhati maneno yake yaimbwe, ingewaonea wengi wenye nia njema ambao nyimbo zao zilikataliwa, kwa ajili ya kumnasa mmoja mwenye hila. Morey Amsterdam angethibitishaje kilichokuwa moyoni mwake alipoandika? Kwa hiyo sheria hulazimika kuacha mahali fulani wazi. Wengine huona uwazi huo kuwa ni njia waliyofunguliwa, wakapita. Mwungwana hutambua kwamba mahali palipoachwa na sheria pana mlinzi mwingine, naye ni dhamiri yake. Sheria ni ua wa shamba, nao wafaa kuwazuia ng'ombe. Lakini ua haujapata kumfundisha mtu yeyote kupenda mahindi ya jirani yake yastawi.

Nisingependa msomaji adhani kwamba nimemtaja Roddenberry ili kumtukana. Alikuwa mtu aliyetenda mema makubwa. Mwaka 1966, wakati ambapo watu weusi wa Marekani walikuwa bado wanapigania haki zao, alimweka mwanamke mweusi, mwigizaji Nichelle Nichols, kuwa afisa katika chombo chake cha anga, sawa na wenzake wa mataifa mengine. Jina la afisa huyo lilikuwa Uhura, nalo lilitokana na neno letu la Kiswahili, uhuru. Mamilioni ya watu walijifunza kutoka katika kipindi chake kwamba binadamu wa rangi zote waweza kukaa katika chombo kimoja kwa heshima. Hilo ndilo linaloufanya mfano huu uwe na uchungu, na uwe na mafundisho. Mtu aweza kuipenda haki ya wanadamu wote, naye akaisahau haki ya mtu mmoja aliye katika chumba cha pili. Haki ya ulimwengu ni nyepesi kuitangaza. Haki ya mwenzako wa kazi hupunguza kilicho mfukoni mwako.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya wageni na televisheni zao tu. Afrika ina mfano wake, ingawa ulihusu santuri kwanza na filamu baadaye. Mwaka 1939, mjini Johannesburg, mwimbaji wa Kizulu jina lake Solomon Linda pamoja na wenzake walirekodi wimbo uitwao Mbube, maana yake simba. Kwa hakimiliki yake alipewa shilingi 10. Wimbo ulivuka bahari. Mwaka 1961 Mmarekani George Weiss aliusaidia kuuvika maneno ya Kiingereza, ukaitwa The Lion Sleeps Tonight, ukaenea duniani. Na fedha ziliwafuata walioongeza maneno. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Wimbo huo ulipotumiwa katika filamu The Lion King ya mwaka 1994, uliwaletea wengine fedha nyingi, na binti zake walikuwa bado katika dhiki. Mwaka 2004 kesi ilifunguliwa kwa niaba yao kwa msaada wa sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, na mwaka 2006 wakafikia mapatano ya kulipwa. Mfano huu hutufundisha kwamba sheria yaweza kutumiwa kuondoa dhuluma kama ilivyotumiwa kuificha. Lakini ilikawia zaidi ya miaka arobaini baada ya kifo cha mtunzi. Dhamiri ya mtu mmoja, siku ile shilingi 10 zilipohesabiwa mezani, ingeweza kufanya kazi hiyo kwa dakika moja.

Sasa tuje karibu. Kenya ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 yaitaka serikali ilinde mali itokanayo na akili za wananchi. Vijana mnaosoma maneno haya, baadhi yenu mtakuwa watunzi, wengine mameneja, wengine mawakili wenye kuandika mikataba. Lakini msingoje hata wakati huo. Mwalimu akitoa kazi kwa wanafunzi watano, wanne wakakesha wakiifanya, na wa tano akaja asubuhi kuandika jina lake juu ya jalada, huyo wa tano hakuvunja kanuni yoyote ya shule: jina lake limo katika orodha ya kikundi. Atapata alama sawa na wenzake. Amekwisha kuandika maneno yake yasiyoimbwa. Vivyo hivyo dalali ambaye hakubeba gunia wala hakutafuta mnunuzi, ila jina lake limo katika karatasi. Na mshirika wa duka ambaye huonekana siku ya kugawana faida tu.

Nawapeni kipimo kimoja cha kuvitambua vitendo vya namna hii. Kabla mwenzako hajatia sahihi, je, ungeweza kumwambia waziwazi utakalofanya na sahihi yake? Kama Roddenberry angalimwambia Courage siku ya mapatano, "Nitaandika maneno ambayo hayataimbwa, ili nichukue nusu ya malipo yako," sidhani kama mapatano yangalifanyika. Jambo ambalo haliwezi kutajwa kabla ya sahihi haliwi haki baada ya sahihi. Lililo safi huweza kusemwa mapema.

Gene Roddenberry alifariki mwaka 1991, na Alexander Courage mwaka 2008. Muziki ule ungali unapigwa, na majina yao mawili yangali pamoja juu ya karatasi yake, la mmoja kwa kazi yake na la mwingine kwa hesabu yake. Wahenga walisema kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kwa Roddenberry kilicholiwa hakikuwa fedha. Ni sehemu ya jina lake jema, kwa kuwa kila isimuliwapo habari ya muziki huo, hiyo nusu nayo husimuliwa. Basi tuiheshimu sheria, kwa maana pasipo sheria mnyonge hana pa kusimama. Lakini tukiisha kuuliza kama jambo ni halali, tusisahau swali la pili: je, ni haki?